Chkdsk Inapogoma: Kusoma Dalili za Diski Kuu Kabla ya Kujaribu Tena

Watu wengi wanaopeleka kompyuta kwa fundi kwa sababu ya diski huwa tayari wameendesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, mara tatu au nne. Ilipogoma mara ya kwanza waliirudia, ilipogoma tena wakaongeza swichi, yaani maagizo ya ziada kama /f au /r, walizozisoma mahali fulani, na mwishowe wakaiacha ikisaga usiku kucha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya saa ile inayofuata jaribio la kwanza kushindwa, kwa kuwa hapo ndipo faili nyingi hupotea, na mara nyingi zinapotezwa na matibabu ya diski ambayo haijapimwa.

Inafaa kuelewa kwanza kazi ya chombo chenyewe. Chkdsk ya Windows, fsck ya Linux na huduma ya kwanza iliyomo ndani ya Disk Utility ya macOS zote hurekebisha mfumo wa faili, yaani daftari linaloonyesha ni faili ipi imewekwa wapi. Ni kama karani wa ghala anayepitia daftari lake na kulisahihisha ili lilingane na mizigo anayoiona rafuni. Karani huyo hana uwezo wa kuziba paa linalovuja, na akikuta rafu imeanguka hufuta mstari wake kwenye daftari na kuendelea. Kwa hiyo chombo kikishindwa, au kikimaliza kazi na hitilafu zikarudi baada ya siku mbili, kwa kawaida kinatuambia kwamba tatizo limo kwenye tabaka jingine: kebo na umeme, mwili wa diski wenyewe, jedwali la patisheni (orodha ya mafungu ambayo diski imegawanywa), au ufunguo wa usimbaji. Kazi yetu ni kulitambua tabaka hilo bila kuandika chochote kwenye diski.

Kabla ya amri yoyote: sauti, harufu na waya

Iweke diski karibu na sikio wakati inapowashwa. Diski nzima huanza kuzunguka kwa mvumo laini unaopanda kisha ukatulia. Ukisikia mgongano wenye mpigo sawasawa, tak, tak, tak, kisha kimya, vichwa vya kusomea vimeshindwa kupata njia yao juu ya sahani, zile duara zinazobeba data, na kila sekunde unayoiacha imewashwa inaweza kuzikwangua sahani hizo. Izime. Hakuna programu ya kutibu hali hiyo, na sehemu yote inayofuata ya mwongozo huu haikuhusu mpaka diski ifunguliwe na mtu mwenye vifaa na hewa safi ya kufanyia kazi hiyo. Ushauri wa kuiweka diski kwenye friji, ambao bado unazunguka mitaani, upuuze kabisa: unyevu unaoganda ndani yake ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Diski ya nje ndogo, ile ya inchi 2.5, ikilia kama mbu bila kuzunguka, au ikazunguka na kuzima tena na tena, mara nyingi haipati umeme wa kutosha. Tundu la USB 2 limewekewa kiwango cha miliampea 500 na la USB 3 miliampea 900, ilhali mota ya diski inapoanza kuzunguka inaweza kuhitaji zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Kebo ndefu, nyembamba au iliyochoka hupunguza hata hicho kidogo. Badilisha kebo kwa fupi, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyaji cha USB, na kwenye kompyuta ya mezani tumia tundu la nyuma lililo juu ya ubao mama. Nimeona diski kadhaa zilizohukumiwa kifo zikafufuka kwa kebo ya shilingi elfu chache.

Diski kubwa ya inchi 3.5 yenye kasha lake hutumia adapta ya volti 12, na hapa kwetu kuna ajali moja inayojirudia: umeme unakatika, waya zinachomolewa zote, na wakati wa kurudisha adapta ya kompyuta mpakato yenye volti 19 inachomekwa kwenye kasha la diski kwa sababu plagi imeingia. Ukinusa harufu ya kuungua, usijaribu adapta nyingine. Mara nyingi kilichoungua ni bodi ya kasha au vijenzi vya ulinzi kwenye bodi ya diski, na data ni nzima. Lakini kununua diski nyingine ya modeli ileile na kuhamisha bodi tu hakutoshi kwa diski za kisasa, kwa sababu bodi hubeba chipu ndogo yenye vipimo vya diski ile peke yake, na chipu hiyo lazima ihamishwe kutoka bodi ya zamani hadi ile mpya.

Ndani ya kompyuta ya mezani, mshukiwa wa kwanza ni kebo ya SATA. Ibadilishe na utumie tundu jingine kwenye ubao mama kabla ya kuamini ujumbe wowote wa hitilafu.

Kupima afya bila kuandika

Karibu kila diski hujiwekea kumbukumbu ya afya iitwayo SMART. Kwenye Windows, programu ya bure CrystalDiskInfo huionyesha kwa dirisha moja. Kwenye Linux hutumika amri smartctl iliyomo katika kifurushi cha smartmontools (hapa /dev/sdb ni jina la diski; weka lile la diski yako):

smartctl -a /dev/sdb

Diski ikiwa ndani ya kasha la USB na amri isilete kitu, ongeza -d sat. Makasha mengine hayapitishi taarifa hizo kabisa, na hapo itabidi diski itolewe na kuunganishwa moja kwa moja.

Usiishie kwenye neno la jumla linalosema hali ni njema. Tazama mistari minne. Mstari 05 unahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski vinavyobeba data, zilizokwisha kufa na kubadilishwa kwa sekta za akiba. Mstari C5, au 197 kwa hesabu ya kawaida, unahesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuziamulia. Mstari C6, au 198, ni wa sekta zilizoshindikana katika ukaguzi wa diski yenyewe. Mstari C7, au 199, ni tofauti na ndugu zake: huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na kompyuta, kwa hiyo namba hiyo ikipanda, ugonjwa upo kwenye kebo au tundu, si kwenye sahani. Kumbuka kwamba C7 hairudi sifuri hata kebo ikibadilishwa. Kinachotazamwa ni kama inaendelea kupanda.

Kuna mitego miwili ya usomaji. CrystalDiskInfo kwa kawaida huonyesha namba ghafi kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita, hivyo 64 unayoiona ni 100 kwa hesabu ya sokoni; mpangilio huo unaweza kubadilishwa kwenye menyu. Mtego wa pili ni namba kubwa mno za mistari 01 na 07 kwenye diski za Seagate, ambazo huwatisha watu bure kwa kuwa namna yao ya kuhesabu ni tofauti.

C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri, ichukulie diski hiyo kuwa mgonjwa na uruke moja kwa moja kwenye sehemu ya kunakili hapa chini. Sifuri nazo zisikulevye. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya diski 100,000, na zaidi ya nusu ya zile zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote katika vipimo vinne vilivyoonekana kuwa na nguvu zaidi ya kutabiri. Upande wa pili wa utafiti huohuo ni mkali zaidi: diski iliyopata hitilafu yake ya kwanza katika ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo nayo.

Daftari la matukio la Windows nalo ni shahidi mzuri. Fungua Event Viewer, nenda kwenye kumbukumbu za mfumo, na utafute namba. Tukio 7 ni sekta mbovu. Tukio 153 linasema ombi la kusoma au kuandika lilibidi kurudiwa, na 129 kwamba kifaa kilinyamaza mpaka kikaanzishwa upya. Haya mawili yakija pamoja na C7 inayopanda, kamata kebo. Tukio 55 ndilo la mfumo wa faili wenyewe, na likiwa peke yake, bila 7 wala 153, ndiyo hali ambayo chkdsk ilitengenezwa kuitibu.

Dalili: chkdsk inasema mfumo wa faili ni RAW na haiwezi kufanya kazi

RAW si aina ya ugonjwa. Windows inamaanisha tu kwamba imesoma mwanzo wa patisheni na haikutambua maandishi yaliyopo. Wakati huohuo hukuletea kidirisha kinachokuomba ufomati diski. Kikatae, na kama Disk Management itakuomba uianzishe diski upya, kataa pia. Maombi yote mawili yanaandika juu ya kitu unachotaka kukiokoa.

Sababu nyepesi zaidi ni kwamba diski ni nzima ila inazungumza lugha nyingine. Diski iliyofomatiwa kwenye kompyuta ya Apple au ya Linux huonekana hivyo, na iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, huweza kuonekana hivyo pia ikiwa maelezo yake ya usimbaji yameharibika. Muulize mwenye diski ilitumika wapi mwisho. Swali hilo moja huokoa nusu saa ya kazi.

Sababu ya pili huwakuta mafundi wenyewe. Kasha la diski limekufa, fundi akaitoa diski na kuiunganisha kwa SATA, na patisheni haionekani. Baadhi ya makasha huiambia kompyuta kwamba sekta zina baiti 4096 wakati diski yenyewe inajitambulisha kwa baiti 512, kwa hiyo jedwali lililoandikwa kupitia kasha halisomeki bila kasha. Mengine husimba data yote ndani ya bodi yao bila kumwambia mtumiaji, hata kama hakuweka nenosiri. Tiba ni kutafuta kasha au bodi ya aina ileile. Ukianza kurekebisha jedwali, unaharibu kitu kizima.

Sababu ya tatu ndiyo inayotibika kwa programu: sekta ya mwanzo ya patisheni imeharibika, labda kwa kuchomoa bila kuaga au kwa umeme kukatika katikati ya kuandika. NTFS, mfumo wa faili wa kawaida wa Windows, huhifadhi nakala ya sekta hiyo kwenye sekta ya mwisho ya patisheni, na FAT32, mfumo wa faili wa zamani zaidi, huweka yake kwenye sekta ya 6. TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier, inaweza kuzilinganisha. Chagua diski, kisha aina ya jedwali, kisha Advanced na Boot. Ikiwa inaonyesha kwamba nakala ni nzima na sekta kuu ni mbovu, chaguo la Backup BS huirudisha. Kabla ya kukubali kuandika, bonyeza List au P utazame kama faili zako zinaonekana kwa majina. Ukiona majina, upo kwenye njia, usipoyaona, usiandike.

Sababu ya nne ni sekta mbovu zilizoangukia mahali pabaya, hasa kwenye jedwali kuu la faili la NTFS. Hapa SMART itakuwa imeshasema, na dawa ni kunakili kwanza.

Dalili: chkdsk imesimama kwenye asilimia ileile kwa saa nyingi

Kwanza tofautisha kusimama na kuchelewa. Swichi /r huiamuru chkdsk isome kila sehemu ya diski, pamoja na zile tupu. Diski ya terabaiti 1 inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji karibu saa tatu hata ikiwa nzima kabisa, na ya terabaiti 4 ikiwa kwenye tundu la USB 2 itakula zaidi ya siku moja. Asilimia inayoonyeshwa pia haitembei kwa mwendo sawa.

Lakini diski ikiwa na sekta mbovu, kila moja huweza kuishughulisha kwa sekunde nyingi, kwa kuwa diski za matumizi ya kawaida hujaribu tena na tena kabla ya kukiri kushindwa. Sekta elfu chache za namna hiyo zinageuka kuwa siku. Zaidi ya muda, kuna hatari: /r hubeba /f, swichi ya kurekebisha, ndani yake, kwa hiyo wakati inatafuta sekta mbovu inaandika pia. Faili ambayo kipande chake kimeshindikana hupunguzwa, folda ambayo maelezo yake hayasomeki huvunjwa, na yatima wote hutupwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo found.000 kwa majina kama FILE0000.CHK. Mwalimu mmoja aliwahi kuniletea diski yenye alama za wanafunzi za miaka sita. Alikuwa ameendesha chkdsk /r mara tatu, na majedwali yake yote yalikuwa humo, maelfu ya vipande bila jina hata moja. Diski haikumtendea hivyo. Karani alilisafisha daftari wakati paa likiendelea kuvuja.

Kwa hiyo ikiwa imesimama, taa ya diski inawaka mfululizo, na tukio 7 linaongezeka, isimamishe. Kuisitisha katikati kuna hatari yake, nami ningependa isingekuwa imeanzishwa, lakini kwenye diski inayokufa hatari ya kuendelea ni kubwa zaidi. Jaribu Ctrl+C kwanza; isipoitika, zima kompyuta kwa utaratibu wa kawaida, na kitufe cha umeme kiwe cha mwisho.

Dalili: haiwezi kufungua diski, au inasema diski ina ulinzi wa kuandikwa

Ujumbe kwamba diski haiwezi kufunguliwa moja kwa moja mara nyingi unamaanisha kuna programu nyingine iliyoishika, kama kinga ya virusi, programu ya chelezo au dirisha lililoachwa wazi. Hakikisha pia kuwa unatumia Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi. Kwa diski yenye Windows yenyewe, chkdsk hupanga kazi hiyo kwa uwashaji unaofuata, na ikiwa kila ukiwasha inarukwa, anza kompyuta kwa flashi ya usakinishaji wa Windows, bonyeza Shift na F10 kwenye skrini ya kwanza, kisha ufanye kazi kutoka huko. Angalia herufi za diski kwa dir kabla ya kugusa chochote, kwani mara nyingi C ya kawaida huwa D au E ukiwa nje ya Windows.

Kosa dogo linalowapotosha wengi: chkdsk bila swichi kwenye diski inayotumika wakati huohuo inaweza kutangaza hitilafu ambazo hazipo, kwa sababu daftari linabadilika karani akiwa bado analisoma. Kwa NTFS, chkdsk C: /scan ni ushahidi bora zaidi.

Ulinzi wa kuandikwa una sababu mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni alama iliyowekwa na programu au kitufe pembeni ya kadi ya kumbukumbu, na huondolewa kwa diskpart, amri ya Windows ya kusimamia diski: list disk, select disk ikifuatiwa na namba sahihi, kisha attributes disk clear readonly. Ya pili ni flashi au SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani) iliyojifungia yenyewe kwa kuwa seli zake zimechoka. Ukiondoa alama na ulinzi ukarudi, au amri ikafaulu bila kubadilisha kitu, ni ya pili. Hiyo ni bahati kwa namna yake: kifaa bado kinasomeka. Nakili kila kitu leo na usitafute njia ya kukilazimisha kiandike.

Dalili: inatengenezwa, inakaa vizuri, inaharibika tena

SMART ikiwa safi na tukio 55 likirudi kila wiki, acha kuitazama diski na utazame jirani zake. Kumbukumbu ya RAM yenye kasoro huharibu data kabla haijafika kwenye diski, na chkdsk inayoendeshwa kwenye kompyuta hiyo hurekebisha daftari kwa kutumia akili iliyolewa. Acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku mzima kabla ya jaribio jingine. Umeme unaokatika mara kwa mara bila UPS ni sababu ya pili, na kwa kompyuta za mezani katika maeneo mengi yetu ningeiweka ya kwanza. Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wazime uwashaji wa haraka wa Windows, kwa kuwa Windows ikizimwa hivyo huacha sehemu ya daftari ikiwa kumbukumbuni, na Linux ikiandika hapo katikati, pande zote mbili huwa na haki na faili huwa ndizo zilizokosa.

Kama ni flashi au kadi iliyonunuliwa kwa bei ya kushangaza, huenda ukubwa wake ni wa uongo. Chipu ya gigabaiti 8 imefundishwa kujitangaza kuwa ya 256 au hata terabaiti 2. Faili za mwanzo hukaa sawa, zinazofuata huandikwa juu ya zilizotangulia au hupotelea hewani. Hakuna chkdsk itakayotibu uongo huo. H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux hukijaza kifaa na kukisoma tena, na jibu lake halina ubishi. Hamisha faili zako kwanza.

Kunakili: kazi inayotangulia matengenezo yote

Diski mgonjwa isinakiliwe kwa kuburuta folda. Windows ikikutana na sekta mbovu husimama na kurudia, na faili muhimu zinaweza kuwa nyuma ya foleni. Chombo cha kazi hii ni GNU ddrescue, ambacho husoma kwanza sehemu zote nyepesi, huziruka zinazogoma, kisha hurudi kuzihangaikia mwishoni. Anza kompyuta kwa flashi ya Linux. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi kinaitwa gddrescue ingawa amri ni ddrescue. Kilichoandikwa dd_rescue ni chombo kingine.

Andaa diski nzima yenye nafasi kubwa kuliko ukubwa wote wa diski mgonjwa, hata kama mgonjwa amejaa nusu tu, na iwe na mfumo wa faili unaokubali faili kubwa, si FAT32. Endesha lsblk -o NAME,SIZE,MODEL, amri inayoorodhesha diski zilizounganishwa, soma ukubwa na modeli, na uandike kwenye karatasi ipi ni chanzo na ipi ni mahali pa kupokea. Nasema karatasi kwa makusudi, kwa sababu anayezigeuza mbili hizo hupoteza kila kitu kwa amri moja. Kisha, ambapo /dev/sdb ni chanzo na /mnt/akiba ni mahali pa kupokea:

ddrescue -n /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Ikimaliza, duru ya pili hurudi kwa sekta zilizogoma:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Faili ya mwisho, ile ya map, ndiyo uhai wa kazi. Humo hurekodiwa kila kilichopatikana na kilichokosekana, hivyo umeme ukikatika au diski ikizimika, unaendesha amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Ukisahau kuitaja, utaanza mwanzo na diski iliyochoka zaidi. Mwendo ukishuka hadi kilobaiti chache, au sauti ikibadilika, isitishe, iache diski ipoe, uanze tena baadaye. Na ikiwa diski ina kitu kisicho na mbadala, kama picha pekee za marehemu au hesabu za biashara, na duru ya kwanza inakwama kila baada ya dakika chache, hapo ndipo pa kuacha na kumtafuta mtaalamu wa kuokoa data. Kila jaribio linapunguza kile atakachokikuta.

Ukishapata picha ya diski, yaani ile faili diski.img, diski ya asili iweke kabatini. Sasa unaweza kuwa jasiri: tengeneza nakala ya picha hiyo, irudishe kwenye diski nyingine nzima, na uendeshe chkdsk /f juu yake. Safari hii karani anafanya kazi ndani ya ghala lenye paa, na mara nyingi kazi iliyoshindikana juu ya diski ya asili humalizika kwa dakika chache. Ikiharibu, unarudi kwenye picha. Kama daftari limekufa kabisa, PhotoRec, ambayo huja pamoja na TestDisk, hutafuta faili kwa kutambua maumbo yao ya ndani. Hurudisha picha, nyaraka na video bila majina wala folda, na hushindwa kwa faili zilizotawanyika vipandevipande.

SSD ina kanuni zake. Haitoi sauti ya onyo, na ikifa mara nyingi hutoweka ghafla kwenye BIOS au hujitambulisha kwa jina la ajabu na ukubwa wa megabaiti chache, dalili kwamba kidhibiti chake kimepoteza programu yake ya ndani. Ddrescue haiwezi kusoma kisichoonekana. Faili iliyofutwa kwenye SSD yenye TRIM, amri inayoijulisha SSD sehemu zisizotumika tena, nayo ni vigumu kurudi, kwa sababu seli zake husafishwa nyuma ya pazia.

Hatima ya diski yenyewe

Data ikiwa salama, diski mgonjwa inaweza kupewa mtihani wa mwisho. Iandike yote upya kwa clean all ndani ya diskpart, au kwenye Linux kwa badblocks -wsv, ukijua kwamba zote mbili hufuta kila kitu bila kurudi. Sekta inayosubiri huamuliwa inapoandikwa: ikiwa uso wake ni mzima na kilichoharibika ni maandishi tu, kwa mfano kwa umeme uliokatika, C5 itashuka hadi sifuri bila mstari 05 kupanda, na diski hiyo inaweza kuendelea na kazi nyepesi kama kubeba filamu. C5 ikishuka na 05 ikipanda kwa kiasi hichohicho, sahani zinakufa kweli. Ukisoma SMART tena baada ya wiki na namba zimeongezeka, usiiuze wala usimpe jirani; toboa sahani zake kwa msumari au keekee ikiwa ilibeba mambo ya siri, kisha uipeleke kwa wanaonunua vyuma chakavu.